Uzi: Pingili ya kiuno iliyoteleza na operesheni ya tundu dogo. Mama aulize nini kabla ya kutia sahihi?

1. Mwana wa Pangani

Wanajukwaa, nawasalimu. Mama yangu ana umri wa miaka 61, na kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akipika na kuuza supu na chapati hapa Tanga, kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanywa kwa kusimama mbele ya jiko. Tangu miaka mitatu iliyopita hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi kabla maumivu hayajaanza kiunoni, yakapita kwenye tako la kushoto na kushuka upande wa nje wa ugoko, huku sehemu ya juu ya wayo ikifa ganzi hadi kwenye kidole gumba. Jambo la kushangaza ni kwamba akikaa kwenye kigoda, au akiinama kidogo na kuegemea mkokoteni wake, maumivu hutulia kana kwamba hayakuwapo.

Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele juu ya ya tano, kwa kile walichokiandika "daraja la kwanza", na kwamba mfereji wa mishipa ya fahamu umebanwa mahali hapo. Amekunywa dawa, amechomwa sindano moja ya kiunoni iliyompa nafuu ya wiki sita, na amefanya mazoezi tiba kwa miezi minne. Daktari wa kwanza alishauri afunguliwe mgongo na kuwekewa vyuma. Wa pili alisema vyuma hivyohivyo vinaweza kupitishwa kwenye matundu madogo, na mama atarudi nyumbani mapema zaidi. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu, anazipinga zote mbili kwa hoja kwamba anayepasuliwa mgongo hurudi kwa kiti cha magurudumu. Naomba kuelezwa tofauti ya kweli iliyopo, na maswali ambayo mama anapaswa kwenda nayo.

2. Fizio wa Zamani

Ndugu, pole kwa kuuguza. Kabla ya kulinganisha operesheni, ni vyema mfahamu aina ya mtelezo alio nao mama, kwa sababu jina ni moja lakini chanzo si kimoja. Vijana, hasa wanaocheza sarakasi au wanaorusha mpira wa kriketi kwa kasi, hupata ufa katika daraja jembamba la mfupa linalounganisha sehemu ya juu na ya chini ya pingili, na mara nyingi huwa ni pingili ya tano juu ya mfupa wa fupanyonga. Kwa mama wa umri huo mfupa haujavunjika: diski, yaani ule mto ulio kati ya pingili na pingili, imechakaa na kupungua kimo, viungo vidogo vya nyuma vimesagika, kano zimelegea, na pingili nzima imesogea mbele pamoja na paa lake. Huo hutokea zaidi kwa wanawake waliovuka miaka 50, na mahali pake pa kawaida ni hapohapo, ya nne juu ya ya tano. Kwa kuwa paa la mfereji limesogea pamoja na pingili, mishipa hubanwa mapema hata kama mtelezo wenyewe ni mdogo.

Daraja la kwanza maana yake ni kwamba pingili imesogea kwa robo moja au chini ya robo ya upana wa ile iliyo chini yake. Kipimo hicho cha robo kwa robo ni cha daktari wa Marekani, Meyerding, cha mwaka 1932, na bado kinatumika. Mtelezo wa uzeeni ni nadra kuvuka daraja la pili, kwa hiyo msiwe na picha ya mfupa unaokaribia kudondoka.

Nina maswali mawili kwako. La kwanza, je, mama alipigwa eksirei akiwa amesimama, kisha akiwa ameinama mbele na kujinyoosha nyuma? MRI hupigwa mgonjwa akiwa amelala chali, na pingili ikipumzika hivyo yaweza kurudi nyuma kidogo, ukapata picha inayoficha mwendo wake. La pili, kuna aliyepapasa mapigo ya damu kwenye nyayo zake? Mishipa ya damu iliyoziba miguuni nayo humzuia mtu kutembea, ila mwenye tatizo hilo hupata nafuu kwa kusimama tu, ilhali mama anahitaji kukaa au kuinama. Kuegemea mkokoteni ni dalili tunayoifahamu sana, kwani kiuno kikiinama mfereji hupanuka.

Na hili lisisubiri majibu ya uzi: mkojo ukigoma au ukitoka bila yeye kujua, haja kubwa ikishindwa kuzuilika, sehemu anazokalia zikifa ganzi, au wayo ukishindwa kuinuka anapotembea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

3. Bwana Mashaka

Mimi nitasema wazi kwamba "tundu dogo" limekuwa neno la kuuzia. Jirani yangu aliambiwa atakuwa na kovu dogo, akalipa zaidi, na leo ana makovu manne madogo badala ya moja kubwa, na maumivu yale yale. Naomba mwenye kufahamu anieleze ni nini hasa kinachopungua, mbali na urefu wa mshono.

4. Muuguzi wa Zamu

Bwana Mashaka, swali lako ni la haki, na nitalijibu kama mtu aliyesimama kando ya meza ya upasuaji kwa miaka mingi, akikabidhi vifaa katika aina zote mbili.

Katika operesheni ya kufungua, daktari huchana katikati ya mgongo, kisha huibandua misuli kutoka kwenye mifupa, kushoto na kulia, na kuishikilia kando kwa makoleo kwa saa kadhaa. Misuli hiyo ndiyo inayoushika mgongo usiyumbe, na mingine hupata mshipa wake mdogo wa fahamu karibu sana na pale inapobanduliwa. Ikikandamizwa muda mrefu hukosa damu, na baadhi yake hugeuka mafuta na kovu. Mgonjwa anaweza kupona mishipa iliyobanwa na bado akalalamika kwamba mgongo wake "umechoka".

Sasa mbinu ya matundu madogo. Mgonjwa hupewa nusukaputi na kulazwa kifudifudi kwenye mito, tumbo likiachwa linaning'inia, kwa kuwa tumbo likibanwa damu hujaa kwenye mishipa ya mgongoni na kuvuja zaidi. Eksirei inayosogezwa juu ya meza huonyesha pingili husika, na daktari hukata sentimita mbili na nusu hadi tatu, si katikati bali pembeni kidogo. Kupitia hapo huingiza mrija mwembamba unaopenya kati ya nyuzi za misuli, halafu mrija mpana kidogo juu ya ule, halafu mwingine, kama sufuria za seti zinavyopakiwa dukani moja ndani ya nyingine, hadi apate njia ya milimita 20 hivi. Misuli hutanuliwa, haikatwi. Njia hiyo ya kupita pembeni si ngeni: Leon Wiltse aliieleza mwaka 1968. Mirija ndiyo iliyokuja miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kevin Foley wa Memphis na wenzake wakaitumia kwa kazi nzima ya kuunganisha pingili.

Ndani ya mrija, chini ya darubini, kiungo kidogo cha nyuma cha upande unaouma huondolewa, na vipande vya mfupa huo huhifadhiwa kwa uangalifu kwenye bakuli, maana vitahitajika. Kano nene iliyobana mishipa hutolewa. Kisha diski iliyochakaa hukwanguliwa, na mahali pake huwekwa kizibo cha titani au cha plastiki ngumu chenye uwazi katikati, ambacho madaktari hukiita keji, kikiwa kimejazwa vile vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Mwishoni skrubu nne huingizwa kwenye pingili mbili kwa kufuata waya mwembamba na picha za eksirei, zikaunganishwa kwa fito mbili. Hayo ndiyo makovu manne ya jirani yako.

Kinachopungua ni damu inayopotea, maambukizi ya kidonda, dawa kali za maumivu katika siku za mwanzo, na siku za kulazwa. Kinachoongezeka ni mionzi, kwa sababu daktari haoni mfupa wote kwa macho na hulazimika kuutazama kwa eksirei mara kwa mara. Sisi wa chumbani tunavaa aproni za madini ya risasi za kuzuia mionzi hiyo, zinazotuachia maumivu ya migongo yetu wenyewe. Lakini mgonjwa akiulizwa baada ya mwaka mmoja au miwili, matokeo ya njia hizi mbili hukaribiana sana. Anayemwahidi mama kwamba tundu dogo litampa mgongo bora zaidi mwaka wa tatu anaahidi kuliko ushahidi ulivyo.

Jambo moja ambalo wagonjwa hawaulizi: mikono. Kazi ya ndani ya mrija hujifunzwa taratibu, na wa mwanzo kupasuliwa na mtu anayejifunza hukaa mezani muda mrefu zaidi. Daktari aliyeizoea njia ya kufungua, akaifanya vizuri, ni bora kuliko aliyenunua mirija mwezi uliopita.

5. Mwana wa Pangani

Nashukuru sana. Nimewasomea familia maelezo haya jana usiku. Mjomba amesikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Yote hayo sawa, lakini wakiugusa uti, basi." Nimjibu nini? Pia mama anauliza kama pingili itarudishwa mahali pake kabisa.

6. Fizio wa Zamani

Hofu ya mjomba ina msingi, ila imekosea ghorofa. Ugwe wa mgongo, ile kamba kuu ya fahamu inayoshuka kutoka ubongoni, huishia kwa mtu mzima karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo inabaki mishipa mingi mirefu inayoelea kwenye maji, ambayo wataalamu waliiita mkia wa farasi kwa jinsi inavyofanana. Operesheni ya mama itafanyika kwenye pingili ya nne na ya tano, yaani chini ya mahali ugwe unapoishia. Simwambii kwamba hakuna hatari. Mshipa mmoja unaweza kujeruhiwa na kuacha udhaifu wa wayo. Utando unaofunika mishipa unaweza kutoboka na kuvuja maji, jambo ambalo kwa kawaida hushonwa au kuzibwa palepale. Damu inaweza kuganda miguuni. Skrubu inaweza kukaa vibaya ikahitaji kurekebishwa. Mfupa unaweza kukataa kuungana. Kupooza miguu yote kwa operesheni ya eneo hilo ni jambo la nadra sana.

Kuhusu kurudisha pingili, lengo ni kuwapa mishipa nafasi. Keji ikiinua kimo cha diski, pingili mara nyingi hurudi kiasi fulani, lakini katika daraja la kwanza hakuna sababu ya kuilazimisha irudi kikamilifu ili picha ipendeze.

7. Mstaafu wa Chalinze

Mimi nimepitia. Nilikuwa na miaka 64, pingili zilezile, matundu madogo, skrubu nne. Nitayasema mazuri na mabaya.

Maumivu ya mguu yaliondoka siku niliyozinduka, hata nikamwita muuguzi kumwuliza kama mguu upo. Ganzi ya kidole gumba haikuondoka, na hadi leo ipo kidogo. Niliambiwa mishipa iliyobanwa miaka mingi hupona taratibu na wakati mwingine haiponi yote. Maumivu ya mgongo yaliongezeka wiki mbili za mwanzo. Niliinuliwa kitandani kesho yake na kutembezwa ukumbini, nikaruhusiwa siku ya nne. Kwa wiki kadhaa nilikatazwa kuinama, kujinyonga kiuno na kubeba ndoo. Niliswali kwa kukaa kwenye kiti kwa miezi mitatu, na nilinyanyua kitanda changu kwa matofali ili nisihangaike kuamka. Choo cha kuchuchumaa ndicho kilichonitesa kuliko kidonda, nikaazima kiti cha choo kwa ndugu. Mwana wa Pangani, litengenezeni hilo mapema.

Kosa langu lilikuwa sukari. Operesheni yangu iliahirishwa mara mbili kwa kuwa wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa juu, na nilinung'unika mno. Baadaye nikaelewa kwamba sukari mbaya hukaribisha usaha na huchelewesha mfupa kuungana. Sigara nayo niliacha kwa amri, kwa sababu hiyohiyo ya mfupa. Watu hudhani vyuma ndivyo vinavyoshika mgongo maisha yote, kumbe vyuma vinashikilia tu hadi mfupa uote na kuziunganisha pingili, kazi inayochukua miezi sita hadi mwaka. Mfupa usipoota, chuma siku moja hulegea au kukatika.

8. Msomaji wa Majarida

Nimefuatilia uzi huu kwa utulivu, na naona sote tumelikubali jambo moja bila kulihoji: kwamba mama lazima awekewe vyuma, na kilichobaki ni ukubwa wa mlango wa kuvipitishia. Mimi nadhani swali kubwa liko hapo.

Mwaka 2016 Waswidi walichapisha utafiti wa wagonjwa 247 wa miaka 50 hadi 80 waliobanwa mishipa ya kiuno, zaidi ya nusu yao wakiwa na mtelezo kama wa mama. Kwa bahati nasibu, wengine walifunguliwa nafasi ya mishipa tu, na wengine wakaongezewa kuunganishwa pingili. Baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana. Mwaka uleule utafiti mdogo wa Marekani, wa watu 66, ulionyesha faida kiasi kwa waliounganishwa, na waliofunguliwa nafasi tu walirudi zaidi mezani: 34 katika kila 100, dhidi ya 14. Mabishano yakaendelea. Mwaka 2021 wakaja Wanorwe na wagonjwa 267, wote wakiwa na mtelezo wa uzeeni wa pingili moja. Baada ya miaka miwili, waliopungukiwa na ulemavu wao kwa kiwango kilichowekwa walikuwa karibu 71 katika 100 kwa waliofunguliwa nafasi tu, na 73 kwa waliowekewa vyuma. Waliorudi kupasuliwa tena walikuwa karibu 12 na 9. Tofauti hizo ni ndogo ukizipima na uzito wa operesheni yenyewe.

Angalieni jinsi Wanorwe walivyofungua nafasi hiyo: waliacha salama mifupa na kano za katikati ya mgongo. Hapo ndipo mrija mdogo unapopata thamani yake halisi kwa maoni yangu. Ukiondoa paa lote la mfereji kwa njia ya zamani unaweza kuzidisha mtelezo, kisha vyuma vikawa vya lazima. Ukipita upande mmoja kwa mrija, ukasafisha kano na mfupa unaobana hadi upande wa pili, ukaacha nguzo zote zimesimama, huenda usihitaji chuma hata kimoja. Tundu dogo lenye skrubu nne bado ni operesheni kubwa.

Sisemi kwamba vyuma havina kazi. Pingili inayosogea waziwazi kwenye eksirei za kuinama na kujinyoosha, maumivu makali ya mgongo yanayozidi ya mguu, mtelezo wa daraja la pili na kuendelea, au mshipa uliobanwa katika kitundu chake cha kutokea pembeni kwa sababu diski imekwisha kabisa: hao mara nyingi huunganishwa. Na aliyeunganishwa aelewe kwamba pingili ya jirani hubebeshwa mzigo wa ziada, na baada ya miaka yaweza kuchakaa mapema.

9. Bwana Mashaka

Leo nimeelimika, na nakiri kwamba lawama yangu kwa kovu la jirani ilikuwa mahali pasipo pake. Naongeza la fedha tu. Sehemu kubwa ya gharama ni skrubu, keji na vifaa vya kutumika mara moja, kwa hiyo ombeni mchanganuo wa maandishi kabla ya tarehe, na mwulize bima inalipia vifaa au inalipia chumba na daktari peke yake. Familia nyingi hugundua jambo hilo mgonjwa akiwa tayari amevaa gauni la kijani.

10. Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono. Msikimbilie tiketi ya India kabla ya kuuliza Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa na ushirikiano wa miaka mingi na chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York katika kufundisha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, akiwamo daktari wao Roger Härtl, ambaye kazi yake hasa ni hizi mbinu za matundu madogo. Mwambieni daktari yeyote mtakayemwona: umefanya operesheni hii kwa njia hii mara ngapi, na ukishindwa kwa mrija utafanya nini? Anayejibu kwamba atafungua kwa njia ya kawaida amejibu vizuri. Na kwa mwanamke wa miaka 61, pimeni uimara wa mifupa kabla ya kuzungumzia skrubu, kwa sababu skrubu kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye ukuta wa udongo.

11. Mwana wa Pangani

Wanajukwaa, tumerudi kliniki jana na karatasi ya maswali kumi na mawili. Daktari aliyasoma yote, akacheka kidogo, akauliza ni nani aliyeyaandika.

Mama amepigwa eksirei akiwa amesimama, ameinama na amejinyoosha. Mtelezo ni mkubwa kidogo kuliko ulivyoonekana kwenye MRI, lakini haubadiliki sana kati ya picha hizo mbili. Mapigo ya damu kwenye nyayo ni mazuri. Alipoulizwa agawe maumivu yake kwa mafungu kumi, mama alisema nane ni ya mguu na mawili ya kiuno, na daktari akaandika hilo kabla ya kuandika jingine lolote. Alikubali kwamba kufungua nafasi ya mishipa kwa mrija, bila vyuma, ni chaguo halali kwake, akaeleza pia kwamba kuna uwezekano wa kurudi baadaye kuwekewa vyuma ikiwa pingili itaendelea kusogea. Mjomba aliuliza juu ya ugwe, akachorewa mchoro nyuma ya karatasi ya eksirei, na mchoro huo ameuweka mfukoni mwa kanzu.

Mama hajatia sahihi. Amesema atasubiri majibu ya kipimo cha mifupa na cha wastani wa sukari, na kwamba akikubali itakuwa baada ya Idi, kwa sababu oda za chapati za Ramadhani amekwisha kuzipokea, na dada yangu ndiye atakayesimama jikoni huku yeye akisimamia kutoka kwenye kigoda. Kiti cha choo tumekwisha kukiazima.